Mdomo wa Korti

Ukimuuliza Mkalimani kama mvua itanyesha, aligeuka kwanza akatazama nyuma yake, kana kwamba swali ameulizwa mtu mwingine. Kisha alikueleza ilivyosema redio, alivyosema mwenye duka la kona, na alivyosema mama mmoja aliyeingia sokoni asubuhi hiyo na mbuzi wake kutoka upande wa Ikutha. Na yeye mwenyewe alionaje? Hapo alicheka bila kufungua mdomo, akasema, "Mimi nimeandikwa kusema ya watu, Sista. Ya kwangu hayana mshahara."

Tulikuwa majirani katika ploti moja nyuma ya soko la Kitui, katikati ya miaka ya sabini, nilipokuwa nesi mgeni katika chumba cha meno cha hospitali. Chumba chake kilikuwa cha kwanza karibu na mfereji wa maji tuliochangia, changu cha tatu. Jina lake nililijua, lakini sikumbuki kulitamka hata siku moja. Mchungaji alimwita Mkalimani, askari walimwita Mkalimani, na mkewe alipokuja mwisho wa mwezi kutoka Kathonzweni na kiondo cha ndengu, alimwita Mzee.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na alivaa koti jeusi hata katika jua la Februari ambalo mbwa wenyewe hulikimbia. Mfukoni alikuwa na leso nyeupe iliyokunjwa mara nne. Meno yake yalikuwa kamili, meupe kama mahindi mabichi, na mimi ambaye kutwa nzima nilitazama vinywa vilivyooza niliyaangalia kwa wivu. Kila alfajiri alisimama mferejini na mswaki wa mti, akiyasugua jino moja moja. "Jembe halilali na udongo," alikuwa akisema.

Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa safi tu. Kila neno lilitoka kama lililooshwa na kuanikwa. Kanisani, wahubiri wageni walipokuja, yeye ndiye aliyesimama kando yao. Siku moja mhubiri alizidiwa na machozi katikati ya mahubiri akashindwa kuendelea. Mkalimani hakulia, wala hakutujazia ile nafasi kwa haleluya zake. Alinyamaza kwa muda uleule ambao mgeni alinyamaza, na mgeni alipovuta pumzi, naye akavuta. Wazee walimsifu mhubiri kwa wiki nzima. Mimi nilidhani nusu ya sifa zile hazikuwa zake.

Kortini nilimsikia mara moja tu, nilipoitwa kutoa ushahidi katika kesi ya kijana aliyevunjwa meno kwenye ugomvi wa pombe. Kabla yetu palikuwa na kesi ya shamba. Bibi kizee mmoja alikuwa ameshindwa. Alisimama, akamnyooshea hakimu kidole, akasema kwa Kikamba kwamba mkono uliotia sahihi karatasi ile utakauka kama bua la Septemba, na kwamba watoto wa mkono huo wataomba maji kwa watu wasiowajua. Mkalimani, mikono nyuma, alipeleka laana ile kwa Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho, bua na maji na watoto, bila kupandisha sauti wala kuishusha.

"Mkalimani," hakimu akauliza, "unajua unachosema?"

"Najua anachosema yeye, Mheshimiwa."

Bibi alilala rumande siku mbili kwa kuidharau korti. Jioni nilimkabili Mkalimani pale mferejini. "Mzee, si ungepunguza kidogo? Yule ni mama wa watu."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nipunguze nini? Shamba limeenda. Yule mama alibaki na hayo maneno peke yake. Sasa na hayo pia nimnyang'anye?" Halafu akaingia ndani, na baada ya muda nilimwona akielekea upande wa seli na chupa ya uji chini ya koti.

Ndivyo alivyokuwa. Asingekubadilishia neno moja kukuokoa na jela, lakini angekuletea uji huko jela.

Mkewe ndiye aliyenisimulia habari ya Ikutha. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, asiyejua lugha nyingine ila Kikamba. Tulikuwa tumekaa mlangoni tukichagua ndengu kwenye ungo. Akaniambia kwamba korti ya kuzunguka ilipofika Ikutha miaka kadhaa nyuma, mtu aliyesimamishwa mbele kwa wizi wa ng'ombe alikuwa ndugu yake, kitinda mimba wa kwao. Mumewe ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Ndugu yangu alisema, 'Ng'ombe niliwatoa mimi, lakini walikuwa wa baba.' Hiyo ya kwanza aliisema kwa nguvu. Hiyo ya pili aliimeza, hata mimi niliyekaa mbele niliisikia kwa shida. Mzee akapeleka yote mawili vile yalivyotoka. Ya nguvu akaipeleka kwa nguvu. Ndogo akaipeleka ikiwa ndogo. Hakimu akaandika ile ya nguvu."

"Angeipandisha kidogo ile ya pili," nikasema.

"Hata mimi nilimwambia hivyo. Akasema sauti ya mtu ni sehemu ya maneno yake." Alipepeta ungo, makapi yakaruka. "Miaka mitatu. Mimi nilimpikia Mzee miezi minne bila kumsemesha. Na yeye hakuniomba msamaha. Alikuwa anakula, anasema asante, anatoka."

Ndugu yule alitoka jela akiwa na kifua kibovu, na hakumaliza mwaka. Mwanamke huyu hakulitaja tena jambo hilo mbele yangu, na aliendelea kuleta ndengu kila mwisho wa mwezi.

Nisije nikamfanya malaika wa ukweli, Mkalimani alikuwa mwongo mkubwa katika jambo moja, nalo lilikuwa mwili wake. Chai yake aliitia sukari hadi kijiko kikawa kizito. Siku za Alhamisi, hospitali ilipokuwa na kliniki ya ugonjwa wa sukari, alikuja bila malipo kumtafsiria daktari, kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa wazee wa vijijini. Aliwaambia, "Daktari anasema, sukari ni sumu kwenu, iacheni," kwa sauti ambayo ingemfanya nyuki aache asali. Kliniki ikifungwa alivuka barabara hadi hoteli ya mkabala, akaagiza chai na mandazi mawili.

Alhamisi moja alinijia na kichupa ndani ya karatasi. Akasema ni mkojo wa rafiki yake; sisimizi walikuwa wanajipanga nyuma ya choo kila rafiki huyo akitoka. Siku hizo tulipima kwa maji ya buluu. Ulitia matone ya mkojo ndani yake, ukachemsha juu ya moto, na kadiri sukari ilivyozidi ndivyo buluu ilivyogeuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya tofali. Wa rafiki ulifika kwenye tofali kabla sijahesabu kumi.

"Mwambie rafiki yako aje Alhamisi ijayo amwone daktari."

"Rafiki yangu hana nafasi Alhamisi," akajibu. "Anatafsiri."

Alianza sindano za insulini mwezi huo. Chai hakuiacha. Aliipunguza mbele yangu tu.

Jino lilipoanza kumuuma, jino la nyuma la juu upande wa kulia, hakuniambia. Nilikuwa naishi mlango wa tatu, kazi yangu ikiwa meno, naye akanificha kwa sababu alijua nitampima sukari kwanza. Akirudi kutoka kwao alishuka njiani, Sultan Hamud, na nyuma ya maduka ya pale akampata mtu mmoja mwenye koleo na chupa ya spiriti. Jino likang'oka. Wiki tatu baadaye, kanisani, niliona anazungumza na leso mdomoni. Nilipomkaribia nilisikia harufu. Nesi wa meno anajua harufu ya usaha. Hii haikuwa ya usaha. Ilikuwa ya ghala lililofungwa likiwa na unyevu.

Nilimpeleka chumba cha meno Jumapili ileile. "Mzee, fungua."

"Si kitu, Sista. Hata haiumi."

Shimo la jino halikuwa limefunga. Mfupa ulionekana ndani yake, mkavu. Na kuanzia pale hadi katikati ya kaakaa palikuwa peusi, weusi wa mkaa uliomwagiwa maji. Nilipagusa kwa ncha ya chombo.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu. Si nimekwambia haiumi?"

Daktari wetu alipofika na tochi yake alimulika mle ndani kila upande. Kisha akatueleza. Ni ukungu, nduguye ule unaoota kwenye mahindi yaliyoingizwa ghalani kabla hayajakauka. Uko hewani kila mahali, na mtu mwenye afya huuvuta na kuutoa bila kujua. Lakini damu iliyojaa sukari ni shamba lake. Unaziba mishipa, na mahali pasipopita damu nyama hufa, mfupa hufa, na kitu kilichokufa hakiumi. Ndiyo hatari yake. Dawa yake ya kwanza ni kisu: kukata vyote vilivyokufa hadi ufike mahali panapotoa damu.

Mkalimani alisikiliza, kichwa kimeinama kidogo kama alivyofanya kortini. Mwisho akauliza, "Na ulimi?"

"Ulimi hautaguswa."

"Basi ni sawa," akasema.

Hakujua, na mimi sikumwambia, kwamba ulimi pekee hausemi. Unahitaji dari la kugonga.

Nairobi walimkata siku ya pili. Walitoa nusu ya taya la juu upande wa kulia, na meno yote ya upande huo, na kaakaa, hadi chini ya mfupa wa shavu. Baadaye walimtundikia dawa ya ukungu kwenye chupa ya maji, dawa iliyomtetemesha hata miguu ya kitanda ikagonga sakafu, na ambayo madaktari walisema inaichosha figo. Nilipokwenda kumwona baada ya wiki mbili, uso ulikuwa umeingia ndani upande mmoja. Walikuwa wametoka kumwondolea bandeji iliyojazwa mle ndani. Hakuweza kusema. Hewa yote ilitokea puani, na maneno pamoja nayo. Aliandika kwenye karatasi: *Kioo.*

Nilisitasita, nikampa. Alifungua mdomo kadiri alivyoweza, akajiangalia ndani, mahali ambapo sasa uliona moja kwa moja hadi pangoni mwa pua. Akashika kalamu. *Nyumba haina dari*, akaandika, na chini yake akapiga mstari kwa unyoofu, kama karani.

Fundi wa Nairobi alimtengenezea pleti. Ilikuwa kama meno ya bandia ya kawaida, rangi ya ufizi, yenye meno saba, ila juu yake ilikuwa na kibonge kilichoingia katika lile shimo na kuliziba. Ilijishikiza kwa vikulabu kwenye meno yaliyobaki upande wa kushoto. Aliporudi Kitui nilipewa kazi ya kumfunza kuishi nayo. Kila siku saa tisa, wagonjwa wakishaondoka, alikuja akakaa kwenye kiti changu.

Tulianza na kufungua mdomo, maana kovu lilikuwa limeuvuta. Nilichukua vile vijiti bapa vya kuangalizia koo, nikavipanga vinne kati ya meno yake, na kila siku kadhaa nikasukuma kimoja zaidi katikati. Jasho lilimtoka. Alipofika kumi na viwili aliviweka mezani akavihesabu mwenyewe. Kisha kuosha: maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni na kila baada ya kula, kwa maana chakula kiliingia hata mahali chakula hakitakiwi kuingia. Kisha kumeza. Uji wa kwanza ulimtoka puani ukaingia kwenye shati. Yeye aliyekuwa akinyoosha leso yake kwa pasi alikaa pale, uji ukimtiririka, akitazama ukuta.

Mwisho tukaanza maneno. Papa. Baba. Tata. Kaka.

"Miaka yote ile kortini," alisema siku moja, na ilibidi nimsikilize kwa makini ili nimwelewe, "leo nafundishwa kusema baba."

"Sema tena."

"Baba." Ilitoka *mama*. Akaipiga meza kwa kiganja. Kwa wazee wa Alhamisi alikuwa mtu wa subira isiyokwisha, aliweza kurudia jambo moja mara sita kwa bibi asiyesikia vizuri. Kwake mwenyewe hakuwa na subira hata ya kumeza mate. Aliichomoa pleti akaitupa kwenye beseni, na mimi nikaiokota, nikaiosha, nikampa. Tukaanza tena. Miezi mitano. Ukinisikia nikisema alijifunza kuzungumza, ujue ni hii miezi mitano. Alifikia mahali ambapo mtu aliyemzoea alimwelewa kila neno, na asiyemzoea alimwelewa mengi.

Hayo mengi hayakutosha korti.

Alinitaka niwepo siku aliyorudi, nami niliomba ruhusa ya saa mbili. Alivaa koti. Kesi ilikuwa ya mtu aliyechoma makaa bila kibali, jambo dogo. Hakimu alikuwa mgeni. Shahidi wa kwanza akasema maneno machache, Mkalimani akayapeleka, hakimu akainua kichwa. "Rudia." Akarudia. "Samahani, rudia tena, polepole." Nyuma kwenye benchi watu walianza kuguna, kisha mmoja akacheka, kicheko cha kubanwa. Nilimwona Mkalimani akipandisha sauti, jambo ambalo maishani hakuwahi kulifanya. Alipofika kwenye neno *kibali* akalisukuma kwa nguvu, na kikulabu kikaachia. Pleti ikaanguka juu ya meza ya karani.

Hakuna aliyecheka tena. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Aliiokota. Akaifuta na leso, akageuka ukutani, akairudisha mdomoni, akageuka. "Kibali," akasema. Alimalizia kesi yote. Mshtakiwa alipigwa faini, na alipotoka nje alikuja akamshika Mkalimani mkono.

Wiki iliyofuata walimhamishia chumba cha mafaili. Hakimu alikuwa mpole, alimwambia ni kwa ajili ya afya yake. Mkalimani alikaa kati ya rafu zile mwaka na kitu, akipanga kesi za watu, na naambiwa hakuna faili lililopotea wakati wake. Hakukalia tena kiti cha mbele kanisani. Jioni hakusimama mferejini kuzungumza. Nilipomuuliza yuko aje, hakugeuka tena kutazama nyuma. "Nipo," alisema. Kisha akastaafu, akarudi Kathonzweni.

Ulikuwa ni mwanzo wa ukame wa miaka ya themanini, ule ambao watu walikula mahindi ya manjano ya msaada, na wengine wakaapa hawatayala tena hata wakifa. Mtu wa sukari anaambiwa ale hiki na asile kile. Mwaka ule hapakuwa na hiki wala kile. Insulini aliihifadhi katika chungu kilichofukiwa kwenye mchanga uliolowa, alivyofundishwa, lakini maji ya kuulowesha mchanga yalichotwa mbali, na ng'ombe walikuwa wanayataka hayohayo. Zahanati ya jirani ilikaa wiki saba bila dawa. Mkewe alianza kuona shavu la kushoto linavimba. Wakangoja. Watu wa kwetu wanajua kungoja.

Walipofika Kitui nilifungua mdomo wake na kuuona weusi upande wa pili. Nilisafiri nao hadi Nairobi kwa gari la hospitali.

Daktari wa upasuaji alikuwa yuleyule, mtu wa kwao mbali, asiyejua Kikamba, aliyezungumza Kiingereza cha haraka. Alipiga picha, akaitazama kwenye mwanga, akatuita chumbani kwake sote watatu. Akaniambia, "Sista, mfafanulie mama."

Mkalimani aliinua mkono. "Hapana," akasema kwa Kiingereza, akiishika pleti na kidole gumba ili isicheze. "Hiyo ni kazi yangu."

Daktari akanitazama, nikainamisha kichwa. Akaanza kusema, akisimama kila baada ya sentensi kama hakimu aliyezoea. Ukungu umevuka katikati, umekula upande uliobaki, na umeingia nyuma ya jicho la kushoto. Akikata tena itabidi atoe taya lote la juu na jicho, na bado hatakuwa ameumaliza, kwa kuwa picha inaonyesha umeelekea juu zaidi. Dawa ya kwenye chupa haiwezekani tena. Figo zitakufa kabla ya ukungu. Anasikitika. Ni afadhali mgonjwa akae nyumbani kwake, karibu na watu wake.

Mkalimani alisikiliza, kichwa kimeinama. Kisha akamgeukia mkewe akasema kwa Kikamba, polepole, ili kila neno lifike:

"Daktari anasema kidonda kimechoka kukatwakatwa. Anasema nipumzike nyumbani kipate kufunga chenyewe. Nile vizuri. Mvua ikinyesha na mambo yakitulia, tutarudi aangalie tena."

Mama yule alimtazama daktari. Daktari, asiyejua kilichosemwa, aliitikia kwa kichwa kwa huruma, na hilo likawa kama sahihi.

"Mwambie asante," mama akasema.

"Anasema asante," Mkalimani akasema kwa Kiingereza. Hiyo aliipeleka vile ilivyotoka.

Kwenye korido, mkewe akiwa ametangulia na kiondo, alinishika kiwiko. "Sista," akasema kwa Kiswahili, "nimekosea mahali?"

Mimi Kikamba ndicho nilichozaliwa nacho. "Hapana, Mzee," nikamwambia. "Umesema sawa."

Alikaza kunishika. Nilidhani atalia. "Ndugu yake," akasema, kisha akaacha, na mimi sikumsaidia kumaliza.

Miezi miwili baadaye barua iliniletea mwandiko wake, mistari ikiteremka upande mmoja kwa sababu alikuwa amebaki na jicho moja. Ilikuwa fupi. Pleti haishiki tena. Tafadhali njoo na unga wa kipimo.

Nilichukua likizo ya siku mbili. Unga wa kipimo ni unga wa rangi ya waridi. Ukiukoroga na maji na kuuweka mdomoni kwenye kibati, unaganda kwa dakika chache na kushika umbo la kila kitu kilichomo. Lakini kipimo hicho hakingoji. Kisipomiminiwa plasta papo hapo, kinanywea na kupinda, na kufika kesho hakifai kutengenezea hata kijiko. Kila nesi wa meno anajua. Niliweka unga kwenye mkoba wangu. Plasta ilikuwa kwenye rafu ileile, niliitazama, na sikuichukua.

Nilimkuta ameketi nje, upande wa kivuli cha nyumba, shuka mabegani. Jicho la kushoto lilikuwa limefungwa kwa kitambaa. Alikuwa amekonda hata nisingemjua njiani. Alisema kitu, nami sikukielewa. Akasema tena. Nilipiga magoti karibu naye, mimi niliyemfunza *papa* na *baba*, na sikupata hata neno moja.

"Anakuuliza kama umetembea kutoka barabarani," mkewe akasema. "Na anasema pole kwa jua."

"Sijambo, Mzee. Jua nimelizoea."

Akasema tena, kwa kirefu. Mkewe alimsikiliza huku akimpangusa kidevu. "Anasema hakutaka kukusumbua. Anataka pleti mpya tu, azungumze na watoto watakapokuja sikukuu. Anasema ukimpima vizuri fundi wa Nairobi hatashindwa."

Nilifungua mkoba. Nilimwosha kwanza kwa maji ya chumvi. Hapakuwa na jino la kushikiza kikulabu, hapakuwa na ukingo wa mfupa wa kukalia pleti. Kulikuwa na uwazi tu, na ndani yake uhai ukiendelea kwa ukaidi. Nikakoroga unga, mkewe akishika bakuli. Nikautia taratibu. Alifunga lile jicho moja na kuvumilia, mikono imelala magotini, na nilihesabu dakika zote kwa sauti kama tulivyokuwa tukifanya zamani, ili ajue bado ngapi. Ulipoganda nikautoa. Aliomba auone. Nikamwinulia kwenye mwanga, naye akautazama kwa muda mrefu, ule mfano wa mahali ambapo sauti yake ilikuwa ikikaa. Akanipungia mkono kwamba ni vizuri.

Nikaufunga kwa kitambaa kilicholowa.

Mkewe alinisindikiza hadi kwenye njia kubwa. Shamba la pande zote mbili lilikuwa tupu, mashina ya mbaazi yamekauka yakisimama. Tulipofika mahali pa kuagana alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Itakuwa tayari lini?"

Kitambaa kilikuwa kimeshaanza kukauka mkononi mwangu.

"Wiki mbili, Mama," nikasema.

"Wiki mbili si mbali," akasema. Akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akageuka, akarudi kwa haraka kumpelekea habari.